Kulala njiani na imbwa: huko Ufaransa ni mapumziko, kwa barabara ya Shabunda ni hesabu ingine

Kuna video zinazopita kwa simu za watu wa Bukavu, na hata za watu wa Shabunda centre pale rezo inaposhika. Gari nyeupe, ndefu kidogo, inasimama kando ya shamba la mizabibu huko Ufaransa. Mlango unafunguka. Mzee anashuka na mke wake, nyuma yao anashuka imbwa, ananyoosha mgongo na kujilaza chini ya gari. Hakuna mtu anayekuja kuwauliza karatasi. Jua linashuka, wanakula, wanalala. Asubuhi wanakunywa kahawa, wanamuaga mwenye shamba, wanaenda zao.

Wanaoangalia video hiyo wanauliza maswali yaleyale. Nani analinda gari usiku? Mwenye shamba analipwa ngapi? Na ule imbwa, hawaogopi atakamata kuku wa watu ao kumuuma mtoto wa kijiji? Ni maswali ya mtu anayejua barabara, na kila moja lina jibu.

Tuanze na gari lenyewe. Wafaransa wanaliita camping-car. Ni gari-nyumba: mbele kuna shoferi, nyuma kuna kitanda, jiko la gazi, tanki la maji safi la karibu litre 100, tanki la maji machafu, na choo chenye sanduku linalotolewa na kumwagwa. Likiwa halizidi tani 3.5, mtu analiendesha na permi ya kawaida ya gari ndogo. Kwa sheria ya barabara ya kule, gari hilo ni gari kama zingine: pale gari ndogo inaruhusiwa kusimama, nalo linaweza kusimama, na mwenyewe akilala ndani hilo si kosa. Lakini akitoa meza, viti na turubai nje, hapo anahesabiwa amepiga kambi, na kambi ina kanuni zake. Tofauti ni ndogo hivyo. Kiti kimoja kwenye majani kinaweza kubadilisha kila kitu.

Komini nyingi za vijijini zimejenga fasi maalum za magari hayo. Kuna bomba la maji, shimo la kumwagia choo, mara nyingine na umeme. Zingine ni za bure, zingine zinalipisha euro chache. Sababu si wema mtupu: kijiji kimebaki na wazee, duka la mikate liko karibu kufunga, na mgeni aliyelala pale atanunua mkate asubuhi. Mtu yeyote aliyeona soko la kando ya barabara likizaliwa pale kamiyo zinapozoea kusimama, pengine Walungu ao Kamituga, anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Tena tangu mwaka wa 1993 kuna mpango unaoitwa France Passion. Wakulima, watengeneza divai, wafuga mbuzi na wafuga nyuki, zaidi ya 2,000 leo, wanakubali gari-nyumba zilale kwao usiku mmoja bila malipo. Msafiri ananunua kitabu cha mwaka chenye anwani na vinyeti ya kubandika kwa kioo. Akifika anapiga hodi, anasalimia, anaonyeshwa fasi. Lazima gari liwe na choo chake, na asikae zaidi ya saa 24. Halazimishwi kununua kitu, lakini ni wachache wanaoondoka bila chupa ya divai ao kipande cha fromaji. Kwa hiyo mwenye shamba hapokei feza ya usiku. Anapokea mteja ambaye amekwisha kuona ng'ombe wake na kusikia jina la mtoto wake.

Basi nani analinda? Hakuna mlinzi. Kuna adabu, kuna namba ya gari iliyoandikishwa, na kuna jandarme ambao wakiitwa wanakuja. Wezi wapo pia, hasa kwa fasi za kupumzikia za barabara kubwa za mwendo wa kasi, njo maana wenye gari-nyumba wengi wanapenda kijiji kuliko barabara kubwa. Utulivu wa ile video hautoki kwa uzuri wa majani peke yake.

Imbwa sasa.

Ufaransa ni nchi ya imbwa. Anaingia hoteli nyingi, anaingia mikahawa, anapanda treni kwa tiketi yake. Lakini huyo anayelala chini ya gari bila wasiwasi amebeba mambo ambayo kamera haionyeshi. Chini ya ngozi ya shingo yake kuna kichipu kidogo kama punje ya mchele chenye namba, ao sikioni ana tatuaji. Kila imbwa aliyezaliwa baada ya tarehe 6 Januari 1999 lazima awe na namba akifikisha miezi minne, na namba hiyo iko kwenye daftari la taifa pamoja na jina la mwenyewe. Akivuka mpaka kwenda Hispania ao Italia anahitaji paspoti yake, ndiyo, imbwa ana paspoti, pamoja na chanjo ya raji iliyomaliza siku 21. Kwa shamba la kondoo anafungwa kamba. Na kule milimani, Alpes na Pyrénées, msafiri anaonywa kuhusu imbwa wakubwa weupe wanaoitwa patou, wanaoishi katikati ya kondoo kuwalinda na imbwa-mwitu. Patou hajui utalii. Ukimkaribia kundi lake na kaimbwa kako ka nyumbani, unatafuta matatizo.

Hata hifadhi za taifa zimefungwa kwake. Katikati ya hifadhi nyingi za milimani za Ufaransa imbwa haingii hata akiwa na kamba, sababu harufu yake peke yake inafukuza wanyama, na magonjwa yake yanaweza kuwafikia. Watu wa Miti na Bunyakiri wanaopita na barabara inayokata Kahuzi-Biega wanaijua kanuni hiyo kwa upande wao. Hifadhi iliyoundwa mwaka wa 1970, yenye karibu kilomita za mraba 6,000, ambayo upande wake wa chini unaingia mpaka Shabunda, haitaki imbwa ndani, tena kwa sababu ya ziada: pale imbwa anapoingia, mara nyingi nyuma yake kuna muwindaji.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika utulivu wa ile video ni ugonjwa ambao haupo. Raji, kichaa cha imbwa.

Ufaransa haikuwa salama siku zote. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur aliwapa wenzake ruhusa ya kumdunga mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na imbwa huko Alsace. Mtoto alipona. Hiyo ni hadithi ya shuleni. Hadithi isiyosemwa sana ni ya mwaka wa 1968, raji iliporudi nchini kupitia mbweha waliovuka kutoka Ujerumani. Kuua mbweha hakukusaidia. Kilichosaidia, kuanzia miaka ya 1980, ni kuwapa chanjo kwa mdomo: vipande vya chambo chenye dawa ndani viliangushwa na helikopta juu ya misitu na mashamba, mwaka kwa mwaka. Mbweha wa mwisho mgonjwa alionekana mwaka wa 1998, na mwaka wa 2001 nchi ikatangazwa kuwa haina tena raji kwa wanyama wa nchi kavu wasioruka. Njo maana leo imbwa asiyetoka nje ya Ufaransa halazimishwi kupata chanjo ya raji, isipokuwa zile aina zinazohesabiwa kuwa hatari.

Namna gani utulivu huo unaweza kuvunjika? Kisa cha mwaka wa 2004 kinaeleza vizuri kuliko kanuni zote. Mwezi wa Julai, mtu mmoja alirudi na gari kutoka Agadir, Moroko, akapita Hispania mpaka Bordeaux. Ndani ya gari kulikuwa na kaimbwa ka miezi minne hivi, hakana chanjo, hakana karatasi. Kilikuwa kiangazi, wakati wa festivali. Kaimbwa kalipelekwa kwenye festivali kadhaa za kusini-magharibi, kakashikwa na watoto, kakacheza na imbwa wengine, kakaramba mikono ya watu ambao mwenyewe hakujua hata majina yao. Mwezi wa Agosti kakafa. Labo ikasema: raji.

Hapo serikali ya Ufaransa ikajikuta inatafuta watu wasiojulikana, kupitia redio na televizioni: nani alikuwa festivali hii, tarehe hii, nani aligusa kaimbwa ka namna hii? Zaidi ya watu 180 walipewa matibabu ya kinga. Hakuna aliyekufa. Miaka minne baadaye, 2008, imbwa mwingine aliyeingizwa kutoka nje aliambukiza wenzake ndani ya nchi, na Ufaransa ikapoteza ile hali ya nchi isiyo na raji mpaka mwaka wa 2010. Yote hayo kwa imbwa mmoja mmoja, kwenye gari la mtu aliyekuwa anarudi tu likizo.

Barabara ya huku

Shabunda ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kusini: kilomita za mraba 25,216, karibu sawa na Rwanda nzima. Shefferi ni mbili tu, Bakisi na Wakabango I. Kutoka Bukavu, njia inapita Walungu, inafika Burhale, halafu inaingia msituni upande wa Kigulube, na kwenda mpaka centre kando ya mto Ulindi. Ni zaidi ya kilomita 300. Huko Ufaransa gari-nyumba lingemaliza safari hiyo kabla ya chakula cha mchana. Huku, kwa miaka mingi, kamiyo haikuweza kufika mpaka mwisho: matope yanameza magurudumu, madaraja yameoza, mvua ya msitu haingoji mtu. Bidhaa zinapanda ndege ndogo, njo maana sukari na chumvi ya Shabunda zina bei ya ndege. Mwengine anapanda motari pale motari inapoweza. Mwengine anatembea kwa miguu, mzigo mgongoni, analala njiani usiku moja, mbili, sita.

Kwa hiyo kulala njiani si kitu cha kuwashangaza watu wa Shabunda. Wanakijua vizuri kuliko mzee wa ile gari nyeupe. Na kanuni zao, ukiziangalia, hazitofautiani sana na za yule mkulima wa mizabibu. Mgeni hasimami tu fasi yoyote. Anafika barza, anasalimia, anasema anatoka wapi na anaenda wapi. Mkubwa wa kijiji anajulishwa. Anaonyeshwa fasi ya kulaza mwili, fasi ya maji, na choo. Akipewa sombe ao makemba anakula; kesho yake anaacha kitu kidogo, chumvi, sabuni, ao habari za mjini, ambazo nazo zina bei. Yule aliyelala bila kujulisha, ni huyo atakayeulizwa kuku akipotea.

Tofauti iko kwa mambo mengine. Bariyeri, kwanza. Ripoti ya mwaka wa 2017 ya IPIS, kundi la watafiti wa Ubelgiji, ilihesabu karibu bariyeri 800 katika Kivu zote mbili, za serikali na za wenye silaha zingine. Katikati ya Februari 2025 M23 ilikamata uwanja wa Kavumu na kuingia Bukavu, na njia ya ndege ambayo Shabunda ilikuwa inaitegemea ikakatika pale Kavumu. Huko Ufaransa vinyeti inabandikwa kwa kioo mara moja kwa mwaka. Huku mtu analipa kila kamba inayovutwa barabarani, na usiku anachagua kijiji kwa kuuliza kwanza nani alipita jana.

Na kuna imbwa. Mtu wa mjini anaweza kusahau, lakini msituni wasafiri wengi hawatembei peke yao. Imbwa wa huku ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, hapigi kelele ovyo. Anatangulia kwenye njia, anasikia nyoka na nguruwe mbele ya mwenyewe, usiku analala karibu na moto. Wazungu walimpenda mno. Mababu wa aina inayoitwa basenji walitoka katika misitu ya Kongo. Mwaka wa 1937 walionyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya Crufts na watu wakajazana kuona imbwa asiyebweka. Mwaka wa 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi tena kaskazini mwa Zaïre kutafuta damu mpya. Leo basenji anaweza kuwa ndiye aliyelala chini ya ile gari-nyumba, na namba shingoni, na paspoti. Ndugu yake aliyebaki Kigulube hana hata sindano moja.

Hapo ndipo usiku wa njiani unakuwa na hatari ambayo haionekani kama bunduki inavyoonekana. Imbwa wa msafiri anafika kijiji kigeni, anapigana na imbwa wa kule, anaumwa ao anauma. Kesho yake safari inaendelea. Kama mmoja wao alikuwa na raji, ugonjwa umekwisha kuhama kilomita 30 kwa usiku mmoja, tena hakuna atakayekumbuka ulitoka wapi. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu watu karibu 59,000 wanaokufa kwa raji kila mwaka, wengi sana Afrika na Asia, na kwa kila kumi karibu wanne ni watoto wasiofikisha miaka 15. Karibu wote waliumwa na imbwa. Dalili zikishaonekana, kuogopa maji, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hakuna dawa tena, Bukavu wala Paris.

Lakini kabla ya dalili kuna muda, na habari hiyo haijafika vijiji vyote. Raji haiui kesho yake. Mara nyingi inachukua miezi miwili ao mitatu kutoka kwa kidonda mpaka kwa ubongo. Mara nyingine wiki moja tu, mara nyingine mwaka. Virusi inapanda polepole kwa mishipa ya fahamu. Kidonda cha uso ao kichwa kina haraka kuliko cha mguu.

Jambo la kwanza linafanyika palepale, hata katikati ya msitu: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 za kweli. Ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri, mtoto atalia na mkono wa mwenye kuosha utachoka. Sabuni inaharibu virusi. Majani, pilipili, asidi ya betri, mafuta ya gari, vyote hivyo vinaumiza tu na kufungulia njia. Baada ya hapo ni safari ya kutafuta chanjo, hata kama ni ya siku tatu, kuuliza kwanza kwa kituo cha afya ni hospitali gani inayo, maana dawa hiyo inakaa kwenye baridi ya digri 2 mpaka 8 na si kila fasi ina friji. Sindano ya kwanza inahesabiwa siku ya sifuri, zingine zinafuata siku ya 3 na ya 7, na kufuatana na mpango wa munganga ingine baadaye. Kama kidonda ni kikubwa munganga anaweza kuongeza dawa ingine ndani ya kidonda. Mtu asiache katikati sababu anajisikia vizuri. Wengi waliokufa na raji walikuwa wanajisikia vizuri kwa wiki nyingi.

Imbwa aliyeuma je? Desturi ni kumuua palepale kwa hasira. Ni kosa la hesabu. Kama anaweza kufungwa bila kuhatarisha mtu, afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa na raji mateni wakati alipouma, na munganga anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Aliyeuawa na kutupwa mtoni haachi jibu lolote. Lakini kungoja zile siku kumi si sababu ya kuchelewesha sindano ya kwanza. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja.

Wanaojua ugonjwa huu wanasema imbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, raji inakatika yenyewe katika eneo. Si lazima wote, na si lazima helikopta za Ufaransa. Veterineri mmoja, sanduku la barafu na siku ya soko vinaweza kuchanja imbwa wengi. Siku ya dunia ya raji ni tarehe 28 Septemba, na fasi zingine kampeni za bure zinafanyika karibu na tarehe hiyo.

Inabaki swali la wale wanaohama. Kuna familia za Bukavu zinazopata viza na kuuliza kama imbwa wa nyumbani anaweza kwenda nao Bulaya. Anaweza, lakini kalenda yake ni ndefu kuliko ya watu. Kwanza kichipu. Halafu chanjo ya raji, akiwa amefikisha wiki 12. Siku 30 baadaye, si mbele, damu inachukuliwa na kutumwa kwa labo iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya, kupima kama chanjo imeshika. Jibu likiwa zuri, bado anangoja miezi mitatu kutoka siku ile damu ilipotoka, kisha cheti cha veterineri wa serikali. Jumla, miezi minne na zaidi. Wengi wanaposikia hivyo wanamuachia mjomba imbwa, pamoja na sahani yake.